Tembe za Fangasi na Kopo la Jimu: Kipi Kisubiri?

Anayebeba vyuma Likoni, Kisauni au Changamwe hana haja ya kutafuta fangasi. Fangasi watamfuata alipo. Pwani kuna joto na unyevu usioisha. Benchi moja la jimu hulaliwa na watu wengi bila kupanguswa, taulo huazimwa, na mtu wa bandarini huvua mabuti usiku yakiwa mabichi akayavaa tena alfajiri hayajakauka. Choa hutokea kifuani au shingoni, mapaja huwasha, ngozi hubanduka katikati ya vidole vya miguu, na anayepuuza huishia na kucha nene za manjano. Siku anapoamua kutafuta tiba, nyumbani ana kopo la protini, au la ule unga wa kuamsha mwili kabla ya mazoezi, lililomla maelfu ya shilingi na bado liko nusu. Anarudi na tembe mfukoni na swali moja: hivi viwili vinapatana?

Jibu langu ni hili. Tembe za fangasi alizoandika daktari zimalizwe kama zilivyoandikwa. Kopo ndilo linaloweza kusubiri, ingawa si kila kopo linalazimika. Na kabla ya kufika huko liko swali jingine ambalo wateja wengi hawaulizi kabisa: je, tembe zenyewe zinahitajika, au dawa ya kupaka ingetosha?

Nianze na hilo, kwa sababu hapo ndipo penye nafuu kubwa ya pesa na ya ini.

Choa kimoja au viwili vya mwilini, fangasi wa mapajani waliowahiwa mapema, na wale wa katikati ya vidole, kwa kawaida hupona kwa krimu. Ya bei ya chini ni klotrimazoli ya asilimia 1, ambayo hupakwa mara mbili au tatu kwa siku kwa wiki mbili hadi nne. Terbinafini ya kupaka huwa ghali zaidi kwa tyubu, lakini hupakwa mara moja kwa siku na mara nyingi wiki moja au mbili hutosha. Tupige hesabu. Krimu inayojaa ncha ya kidole cha shahada, kuanzia kwenye pingili ya mwisho, ni kama nusu gramu, na hiyo hufunika eneo la viganja viwili. Choa cha ukubwa wa kiganja kimoja, ukikipaka mara mbili kwa siku kwa wiki nne, kitakula gramu 14. Tyubu moja ya gramu 20 inatosha na baki. Paka hadi sentimita mbili hivi nje ya ukingo wa choa, na usiache siku ile muwasho unapokoma; endelea walau wiki moja baada ya ngozi kuonekana safi. Anayeacha mapema hununua tyubu ya pili mwezi unaofuata, kisha husema krimu haifanyi kazi.

Faida nyingine ya krimu inamhusu mtu wa jimu moja kwa moja. Dawa inayopenya kwenye ngozi na kuingia damuni ni kidogo sana. Haigombani na protini, wala krietini, wala kahawa. Ukitibiwa kwa krimu, suala la kopo karibu linakwisha lenyewe.

Lakini kwenye kaunta pana mtego, na ningependa kila msomaji aujue. Zipo krimu zinazouzwa kama tiba ya kila kitu: dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi, vyote ndani ya tyubu moja. Soma ubavuni mwa boksi. Ukiona betamethasoni au klobetasoli, hiyo ni steroidi. Muwasho utapoa kwa siku mbili tatu na utafurahi, huku fangasi wakienea chini ya ngozi iliyotulizwa, choa kipoteze umbo lake la duara, na daktari atakayekiona baadaye ashindwe kukitambua. Mapajani steroidi hiyo huikondesha ngozi na kuiachia michirizi isiyofutika. Ukitaka tiba ya choa, omba krimu yenye dawa ya fangasi peke yake. Mara nyingi ndiyo ya bei ndogo pia.

Tembe zina mahali pake. Kucha haziponi kwa krimu ya kawaida. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa kupaka. Fangasi walioenea mgongo mzima, waliokataa krimu iliyopakwa sawasawa kwa wiki nne, au waliompata mtu ambaye kinga yake imeshuka, hao wanataka tembe. Hapo sasa ndipo majina yanapotofautiana, na bei pia.

Flukonazoli ndiyo inayojulikana zaidi. Kwa fangasi wa ngozi, utaratibu wa kawaida wa mtu mzima ni miligramu 150 mara moja kwa wiki, kwa wiki mbili hadi nne, wakati mwingine hadi sita kwa fangasi wa miguuni. Kwa hiyo dozi nzima inaweza kuwa kapsuli nne tu. Chukulia kapsuli moja isiyo na jina la kampuni kubwa ni shilingi 50. Dozi yote ni shilingi 200. Hati miliki ya dawa hii iliisha miaka mingi iliyopita, na viwanda vingi huitengeneza. Usikubali kulipia boksi la rangi mara kumi ya bei hiyo kabla hujauliza kama ipo ya kawaida yenye kiambato kilekile.

Griseofulvini ni ya zamani na ya bei nafuu, na hadi leo ndiyo hupewa sana watoto wenye mapunye. Huchukuliwa kila siku, kwa wiki kadhaa, na huingia mwilini vizuri pakiwa na mafuta tumboni. Wali wa nazi au glasi ya maziwa yasiyotolewa mafuta inafaa. Chai kavu haifai. Vijana wa jimu wasikilize jambo moja hapa: mwanamume anayetumia griseofulvini hushauriwa asitunge mimba hadi miezi sita ipite baada ya kumaliza dozi. Mwanamke mjamzito haruhusiwi kabisa, na tembe za kupanga uzazi hupungua nguvu dawa hii inapotumika. Haya mtu huambiwa akiuliza. Asipouliza, mara nyingi hukabidhiwa dawa akaenda zake.

Terbinafini ya miligramu 250 kila siku ndiyo dawa bora ya kucha. Za mikono huchukua wiki sita, za miguu wiki 12, yaani tembe 84. Ukichukulia tembe moja ni shilingi 40, hiyo ni shilingi 3,360, na bado hujahesabu vipimo. Kwa gharama hiyo, usianze kwa kukisia. Kucha nene haziwi za fangasi kila mara. Huweza kuwa viatu vya kubana, jeraha la zamani au ugonjwa mwingine wa ngozi. Kipimo cha kukwangua kucha na kutazama unga wake kwa hadubini hakihitaji mashine ya kifahari, na ni nafuu kuliko kumeza tembe 84 za ugonjwa usiokuwa nao.

Itrakonazoli kwa kawaida ndiyo ya bei ya juu zaidi. Kapsuli zake humezwa pamoja na chakula na zinahitaji asidi ya tumbo ili zifanye kazi. Hapa mtu wa mazoezi huteleza bila kujua. Anakunywa vikombe vikubwa vya unga, tumbo linajaa, kiungulia kinapanda, anatafuna tembe za kiungulia. Tembe hizo huzima asidi, na itrakonazoli aliyoilipia inapita bila kumfaa. Dawa ya kiungulia ichukuliwe walau saa mbili baada ya kapsuli. Aliyewahi kuambiwa moyo wake unashindwa kusukuma damu vizuri asipewe itrakonazoli kwa sababu ya kucha.

Ya tano ni ketokonazoli ya kumeza. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza tembe zake zisitishwe sokoni kwa sababu ya madhara ya ini, na mwaka huohuo Marekani ikaonya zisiwe chaguo la kwanza kwa fangasi wowote. Shampuu yake haina tatizo hilo, na krimu vilevile. Tembe zake ukipewa kwa ajili ya choa, rudisha na uombe nyingine.

Sasa twende kwenye kopo.

Jimu za mitaani zina mambo mawili yasiyokosekana: vyuma vya simiti vilivyomiminwa ndani ya makopo ya rangi, na mtu mmoja anayejua mahali pa kupata unga. Unga wenyewe huwa wa aina nyingi, na kuuchanganya wote katika jina moja ndiko kunakofanya ushauri wa mtaani uwe wa hovyo. Anayesema virutubisho vyote ni sumu amekosea, na anayesema ni chakula tu naye amekosea.

Protini ya maziwa isiyoongezwa kitu haina mgongano unaojulikana na dawa hizi. Unaweza kuendelea nayo. Swali lake ni la pesa tu. Kopo la kilo 2.27 hutoa vijiko kama 74, kila kimoja na protini gramu 24 hivi. Ukilinunua shilingi 10,000, kila kijiko ni shilingi 135. Yai moja lina protini gramu 6. Manne yanatoa gramu 24. Yai likiwa shilingi 20, hiyo ni shilingi 80. Maharagwe makavu gramu 110 yanatoa kiasi hicho. Kilo ikiwa shilingi 160, umetumia shilingi 18. Dagaa wakavu ndio hunishangaza kila nikirudia hesabu: gramu 40 tu zinatosha, na kilo ikiwa shilingi 600, hiyo ni shilingi 24. Maziwa ya paketi, kwa bei ya shilingi 60 nusu lita, yangekugharimu kama shilingi 90. Bei hizi ni za kupigia mfano. Weka za duka lako, au za Kongowea ukifika mapema, na uone kama mpangilio utabadilika. Ni kweli maharagwe hayana ubora uleule kwa misuli na hujaza tumbo, lakini mbaazi za nazi asubuhi, mayai mchana na dagaa jioni humsogeza mtu wa kilo 70 kuelekea gramu 112 kwa siku, kiwango cha gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kinachotajwa sana kwa wanaobeba vyuma. Mwezi wa dawa ni mwezi mzuri wa kulijaribu hilo.

Krietini nayo, ikiwa peke yake, gramu 3 hadi 5 kwa siku, haigombani na dawa za fangasi. Ina jambo moja tu la kukumbuka: hupandisha kidogo kiwango cha kreatinini kwenye damu, na hicho ndicho kipimo cha figo. Flukonazoli sehemu yake kubwa hutoka mwilini kupitia figo, kwa hiyo daktari akiona kreatinini iko juu anaweza kupunguza dozi au kuogopa bure. Mwambie unatumia. Na kama atataka uache kwa muda, usihuzunike: misuli huchukua wiki nne hadi sita kurudi kwenye kiwango chake cha awali cha krietini baada ya kuacha. Kwa mapumziko ya mwezi, hasara haitaonekana kwenye kioo.

Hatari halisi iko kwenye unga wa kuamsha mwili, kwenye vidonge vya kuchoma mafuta, na kwenye vile vinavyodai kupandisha homoni za kiume.

Unga wa kuamsha mwili kiini chake ni kafeini, mara nyingi miligramu 150 hadi 300 kwa kijiko. Flukonazoli hupunguza kasi ya mwili kuondoa kafeini kwa takriban robo. Terbinafini kwa karibu moja ya tano. Tafsiri yake ni kwamba kijiko ulichokizoea hukaa ndani kwa muda mrefu zaidi, na kile cha kesho kinakikuta cha leo. Ongeza kopo moja la kinywaji cha nguvu, lenye miligramu 160 hivi kwa nusu lita, na vikombe vya kahawa tungu baada ya isha, na umevuka kirahisi miligramu 400, kiwango ambacho mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikitaja mwaka 2015 kuwa kikomo cha siku kwa mtu mzima mwenye afya. Flukonazoli pia inaweza kuvuruga mpigo wa umeme wa moyo kwa baadhi ya watu. Moyo unaodunda kwa kafeini hauhitaji mchokozi wa pili.

Wengi hudhani dawa ni kuvitenganisha: unga asubuhi, kapsuli usiku. Kwa dawa hizi hilo halisaidii. Flukonazoli huchukua saa 30 hivi kupungua nusu, na terbinafini hujificha kwenye mafuta na ngozi kwa wiki kadhaa. Kinachozuiwa ni vimeng'enya vya ini vinavyovunja kafeini, na vimeng'enya hivyo havifunguki tena kwa sababu saa sita zimepita. Kwa hiyo unga huu usimame kipindi chote cha dawa.

Kwenye vidonge vya kuchoma mafuta, tazama majina mawili. La kwanza ni yohimbini: huvunjwa na kimeng'enya kilekile ambacho terbinafini hukifunga barabara, na inapobaki damuni hupandisha presha na kumletea mtu kiwewe. La pili ni dondoo la majani ya chai ya kijani. Kikombe cha chai ya kijani si tatizo. Dondoo lake lililokolezwa ni jambo jingine, na mwaka 2018 mamlaka ileile ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema miligramu 800 kwa siku za kiambato chake kikuu zinaweza kuanza kuumiza ini. Ashwagandha, iliyojaa kwenye vidonge vya homoni, nayo imehusishwa na ini kuumia. Hata manjano, ambayo jikoni haina neno, imeleta homa ya ini ilipogeuzwa kapsuli na kuongezwa kiini cha pilipili manga ili ifyonzwe zaidi. Dawa zote tano za fangasi nilizozitaja hupita kwenye ini au huweza kulisumbua. Kulibebesha mzigo wa pili wakati huo kwa ajili ya kupunguza tumbo ni uamuzi mbaya, na sioni sababu ya kulisema kwa upole.

Na bado tumezungumzia kilichoandikwa kwenye kopo. Kati ya mwaka 2000 na 2001 maabara ya Köln, Ujerumani, ilipima virutubisho 634 vilivyonunuliwa katika nchi 13, ambavyo lebo zake hazikutaja homoni yoyote. Vitu 94, karibu asilimia 15, vilikuwa na steroidi za kujenga misuli zisizotajwa. Huko Marekani, uchambuzi wa maonyo ya mamlaka ya dawa ya kuanzia 2007 hadi 2016 ulikuta bidhaa 776 zilizotiwa dawa za siri. Mwaka 2013, Hawaii, watu kadhaa waliugua homa kali ya ini baada ya kutumia OxyELITE Pro, bidhaa ya kupunguza mafuta iliyokuwa ikiuzwa wazi madukani. Yuko aliyekufa, na wako waliohitaji ini jipya. Hayo yalitokea katika nchi yenye maabara nyingi na wakaguzi wengi. Unga unaouzwa kwa kijiko kutoka kwenye kopo lililokwisha kufunguliwa, ukamiminwa ndani ya chupa tupu ya maji, hauna lebo, hauna namba ya toleo, hauna tarehe ya mwisho. Kama huwezi kuacha kununua, nunua kopo zima lililofungwa, lenye stika ya shirika la viwango la KEBS na jina la mwagizaji, lenye kiambato kimoja. Mwanamichezo anayeshindana atafute lile lenye nembo ya Informed Sport au NSF Certified for Sport, kwa maana hizo hupimwa kwa ajili ya dawa zilizopigwa marufuku. Flukonazoli na terbinafini zenyewe hazimo kwenye orodha ya marufuku ya michezo. Litakalomponza mbele ya wapimaji wa ADAK, shirika la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, ni kopo.

Miraa na muguka haviuzwi kwenye makopo, lakini wako wanaovitafuna kabla ya kunyanyua vyuma ili uchovu usiwafike. Kaunti ya Mombasa iliipiga marufuku muguka Mei 2024 na kesi zikafuata, na mjadala huo ulihusu watoto na mapato zaidi kuliko ini. Kwa aliye kwenye dawa, hata hivyo, ini ndilo la kuangalia: mwaka 2010 madaktari wa London walieleza juu ya watafunaji miraa walioumia ini vibaya. Ukiwa kwenye tembe za fangasi, acha na hiyo.

Kabla hujalipa chochote, liko jambo moja la bei ndogo ambalo huenda likawa kubwa kuliko yote niliyoyaandika. Fangasi wanaorudi kila mwezi, hasa wa mapajani na kucha, wanaweza kuwa dalili ya kwanza ya kisukari. Kuchomwa kidole na kupimwa sukari ni rahisi. Bila kipimo hicho ungeweza kumaliza tyubu kumi za krimu bila kupona, huku ukinywa unga wa kuongeza uzito ambao sehemu yake kubwa ni sukari na wanga. Na aliye tayari kwenye tembe za kisukari kama glibenklamidi amwambie daktari: flukonazoli huziongezea nguvu, na sukari inaweza kushuka ghafla mtu akiwa chini ya chuma. Wanaotumia warfarini ya kuyeyusha damu au simvastatini ya kolesteroli nao wasimeze kapsuli ya fangasi kabla hawajauliza.

Wapi pa kwenda? Tangu Oktoba 2024 SHA, mamlaka ya afya ya jamii, ilipochukua nafasi ya bima ya NHIF, aliyejisajili, kwa simu ni *147#, anastahili huduma ya msingi bila malipo kwenye zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na 3. Kwa mtu wa Likoni, Kisauni au Changamwe maana yake ni zahanati ya mtaani kwake kwanza, kabla ya Port Reitz, kabla ya hospitali ya Likoni, na kabla ya kuvuka kwenda Coast General. Wakati mwingine utaandikiwa dawa ambayo stoo haina, ukanunue nje. Bado umeokoa ada ya kumwona daktari, na una karatasi yenye jina la dawa na dozi. Feri ya Likoni kwa mtembea kwa miguu haina nauli, kwa hiyo anayekaa upande huo anaweza kulinganisha bei za kisiwani bila kuongeza gharama. Anayetoka Mtopanga au Miritini ahesabu matatu ya kwenda na kurudi. Tofauti ya shilingi 50 kwa dozi ya kapsuli nne haimlipii safari, ila kwa tembe 84 za terbinafini inaweza kumlipia vizuri.

Kwenye kemisti, tazama leseni ya mwaka ya Pharmacy and Poisons Board ukutani. Kisha tazama mkasi. Kapsuli zikikatwa kutoka kwenye shiti yake ili upewe mbili tatu, mara nyingi kipande chenye jina na tarehe ya mwisho kinabaki dukani, na wewe unaondoka na foili tupu. Omba uuziwe shiti nzima, au uandikiwe jina, nguvu na tarehe kwenye bahasha. Na useme bila haya: “Dada, nafanya mazoezi, natumia unga huu hapa,” ukimwonyesha picha ya lebo kwenye simu. Picha ya lebo ni bora kuliko jina la unga, kwa maana anachotaka kukisoma ni viambato vyake.

Kwa atakayeanza terbinafini ya wiki nyingi, kipimo cha ini kabla ya tembe ya kwanza ni sehemu ya tiba na kiingie kwenye bajeti. Mtu wa vyuma ana kasoro yake hapa. Vimeng'enya viwili vinavyopimwa, ALT na AST, vimo pia ndani ya misuli, na kunyanyua vizito kunaweza kuvipandisha damuni kwa wiki nzima hata kama ini ni zima. Aliyetoka kufanya miguu jana akapimwa leo anaweza kunyimwa dawa asiyostahili kunyimwa, au kulipia kipimo mara mbili. Pumzika vyuma vizito siku saba kabla ya kutoa damu, na umweleze daktari unachofanya. Akitaka kuhakikisha, GGT haimo kwenye misuli, na CK itamwonyesha kama misuli ndiyo iliyochokozwa.

Wakati wa dozi, dalili za kukimbilia hospitali ni macho kugeuka manjano, mkojo mweusi kama strungi, kinyesi cheupe, kichefuchefu kisichoisha, au maumivu chini ya mbavu za kulia. Acha tembe na kopo siku hiyohiyo na uende navyo vyote viwili.

Ukimaliza salama, usirudishe kila kitu kwa mkupuo. Protini na krietini pengine hukuziacha. Baada ya kapsuli ya mwisho ya flukonazoli, subiri wiki moja ndipo urudie kafeini ya unga. Baada ya terbinafini ya muda mrefu, ngoja wiki kadhaa na uulize. Unga wa kuamsha mwili uanze kwa nusu kijiko, asubuhi, siku ambayo hutakunywa kahawa tungu jioni.